Faili la Kengele Zima

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na Afande Polepole alizipanda ngazi zake kwa mwendo uleule uliompa jina. Vijana wa kituoni walikuwa wakisema kwamba mama huyu akimfukuza mwizi, mwizi husimama kumsubiri kwa huruma. Aliwaacha waseme. Siku hiyo hakuwa na wa kumfukuza. Mtu wake alikuwa mahabusu tayari, ametulia utadhani kajipeleka mwenyewe, na mkuu wa kituo alitaka faili la kesi liwe mezani kwake kabla jua halijazama, lipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Kosa lilikuwa kumuua mama yake mzazi.

Shida ni kwamba muuaji huyo hakushika kisu wala sumu. Alituhumiwa kunyamazisha kengele.

Mama alilazwa kwa ugonjwa wa kifua. Kidoleni alivishwa kile kibanio kinachopima hewa kwenye damu, na hewa ikipungua kengele ilipaswa kulia mezani kwa muuguzi. Jioni ile haikulia. Namba kwenye skrini iligeuka nyekundu, ikakaa pale ikiutazama mgongo wa muuguzi aliyekuwa anamwekea mgonjwa mwingine dripu. Alipogeuka, mama wa watu alikuwa ameshakwenda. Mwanawe alikuwa ametoka kumletea shuka la nyumbani, kwa sababu la hospitali alilalamika linanuka dawa. Alirudi nalo kwapani, limekunjwa vizuri, wakamfunika nalo.

Kengele yenyewe ilikuwa programu ya kompyuta. Programu iliandikwa hapa juu ya magodoro. Na kwenye faili lenye maelekezo ya kengele, mstari wa juu kabisa, palikutwa amri isiyotakiwa kuwapo, imeingizwa kwa jina la fundi mkuu wa ofisi, yaani huyohuyo mwanawe.

Aliyekwenda polisi ni dada yake. Alieleza kwamba alimsikia kwa masikio yake, pale kitandani, akisema "bora mama apumzike sasa." Asubuhi Afande alipita wodini kuuliza. Muuguzi akamwambia maneno hayo yalisemwa kweli, ila waliambiwa wageni waliojazana kitandani wakihadithiana habari za harusi kwa sauti ya sokoni, na mgonjwa macho yanajifumba. Ilikuwa kupumzika kwa mto na shuka, basi. Dada alipofikishiwa habari hiyo alisema muuguzi naye ni walewale.

Kwa hiyo ulibaki ule mstari, na mstari ulikuwa na jina.

Bosi wa ofisi alimpokea Afande mlangoni akiwa ameshaanza kujitetea. Alisema kampuni haihusiki, kampuni imesikitika, kampuni imepeleka shada la maua. Afande alikuwa anasoma karatasi iliyobandikwa juu ya swichi. Ilichapwa "Ukitoka zima taa", na baada ya neno la kwanza mtu alikuwa ameongeza mkato kwa kalamu nyekundu.

"Nani huyu?"

Bosi alitazama karatasi kama vile hajawahi kuiona. "Kamusi. Ndiyo jina tulilompa fundi mkuu. Karatasi haimpiti. Alipofiwa na baba yake tulimwandikia kadi ya pole, akaturudishia imesahihishwa."

Afande hakucheka, maana aliamini. Jana yake Kamusi alipopewa maelezo yake ya polisi ayasaini, aliomba kalamu, akaongeza mikato palipopungua, ndipo akasaini. Maelezo yenyewe yalikuwa mafupi. Mashine ni yangu, jina ni langu, andika hivyo. Afande alikuwa ameshakutana na watu wengi wanaokana walilolifanya. Wanaokubali bila kueleza walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wamemficha mtu nyuma ya mgongo.

Aliomba aelezwe kazi yenyewe, tena na mtu anayeifanya, si anayeilipia. Bosi akamwita msichana mfupi aliyekuwa ameinamia kompyuta ya dirishani. Ofisini walimwita Chiriku, na jina hilo alipewa kwa haki. Kwa maelezo ya bosi, siku yake ya kwanza kazini aliongea mpaka chaja ya simu ikachoka. Leo alivuta kiti, akakaa, akasubiri kuulizwa.

Alieleza taratibu, na Afande akawa anakatisha kila alipopotea. Programu ya hospitali iliandikwa kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, juu ya kiunzi, yaani mifupa iliyotengenezwa na watu wengine ambayo wewe unaivika nyama. Kiunzi hicho kimezeeka, wenyewe wameacha kukitunza, hivyo ofisi nzima ilikuwa inahamisha nyama kutoka mifupa ya zamani kwenda mipya. Ugumu ni kwamba mifupa mipya inafanana na ya zamani. Mambo mengi yanakaa sawa, machache yamebadilishwa majina, na hayo machache yametapakaa kila mahali kama mchele uliomwagika kwenye zulia.

Ndiyo maana kwenye kompyuta zao walimfunga Mnoko. Hili lilikuwa jina lao la ofisini kwa programu-jalizi, kiprogramu kinachopachikwa juu ya kingine ili kukagua msimbo, yale maandishi ya mafundi. Inakaa pembeni ya maandishi yako, inasoma kila mstari, na ikikuta namna ya zamani inapiga mstari mwekundu na kukuambia namna mpya ni ipi. Mengine inarekebisha yenyewe. Mengine inakataa kuyagusa, inamsubiri mtu mwenye akili zake.

"Na kengele ilikuwa na nini?"

"Jina," Chiriku alisema. "Kile kipande kinachoiamsha kengele, kiunzi cha zamani kilikiita kwa jina moja. Kipya kimebadilisha. Ukiandika jina la zamani hakikwambii umekosea, Afande. Kinapita tu. Ni kama unamwita mtu jina aliloliacha. Hageuki."

"Mnoko angeliona?"

"Angeliona. Kwenye faili hii angepiga nyekundu mpaka macho yaume."

"Sasa mbona hakupiga?"

Chiriku alijifuta viganja kwenye sketi. Alisema ukimwachia Mnoko asome kila kitu kwa siku moja, anapiga kelele mpaka huoni unachofanya. Kwa hiyo waliweka utaratibu: faili ambayo zamu yake haijafika, unaandika juu yake mstari mmoja wa kumzima Mnoko. Zamu ikifika unautoa, unapita faili nzima, unarekebisha. Ni jambo la kawaida, ofisi nyingi hufanya hivyo. Bosi, aliyekuwa amesimama nyuma yao kama hakimu, aliongeza kwamba mstari wa kengele uliwekwa siku ileile toleo jipya lilipopelekwa hospitali, kutoka kwenye mashine ya Kamusi, na nenosiri la mashine hiyo alikuwa nalo Kamusi peke yake.

Afande aliomba aione. Ilikuwa kwenye meza ya kona. Alikaa kwenye kiti cha Kamusi, na magoti yake yakaingia chini ya meza bila taabu, miguu ikakanyaga sakafu vizuri. Yeye hakuwa mrefu. Kamusi, kule mahabusu, alilala amejikunja kwa sababu benchi lilimwishia kwenye magoti.

"Kiti hiki kimeguswa tangu siku ile?"

Bosi alisema hapana, hakuna aliyekaribia meza hiyo, watu wanaiogopa.

"Basi fundi wenu mkuu alikuwa anafanya kazi magoti yakiwa kifuani," Afande alisema, akamwomba bosi amtafutie maji ya kunywa. Bosi akasema yapo kwenye friji. Afande akasema anapenda ya dukani. Bosi alikuwa mwepesi wa mambo ya kampuni tu, lakini hili nalo hatimaye lilimwingia, akatoka.

Afande alizungusha kiti kumtazama Chiriku.

"Simu ya Kamusi ninayo mimi. Nimeisoma yote. Kuna muuza mkaa, kuna fundi bomba, kuna dada yake wakigombania nani alale hospitali. Wewe hupo humo. Mnakaa meza mbili za jirani, na hamna hata 'umefika?' yako moja. Mtu hafuti mazungumzo yote ya mwenzake hivihivi, mwanangu. Anafuta kwa sababu hataki mwenzake aonekane. Wewe yako umeyafuta?"

Msichana alitikisa kichwa kwamba hapana.

"Kwa nini?"

"Nilijaribu. Mkono ulikataa."

Ikatoka polepole, kwa vipande. Siku ile Kamusi alikuwa hospitali, kamwachia nenosiri ili yeye amalizie na kupeleka toleo. Jioni ilikuwa inakaribia, wateja wanapiga simu, na faili zilizobaki zilikuwa nyingi kuliko muda. Akamwandikia kuuliza. Alifungua simu na kuiweka juu ya meza, halafu akaangalia pembeni, kama mtu anayefunua kidonda.

Swali lake lilikuwa hili: "Kaka muda umebana na toleo linatoka leo zipi nipitie zipi nizime"

Na jibu: "Faili la kengele zima. Mengine, kesho. Samahani, siwezi kupiga simu, mama amelala."

"Nikazima," Chiriku alisema. "Ilinishangaza, lakini mimi ni nani? Nikajua hataki mtoto wa juzi aguse faili ya kengele wakati mama yake amelala chini ya kengele hiyohiyo. Nikajua ataipitia mwenyewe akirudi. Nikaandika ule mstari, nikapeleka. Halafu msibani nikamsikia dada yake anasimulia yale maneno ya kupumzika. Nikasema basi, kaka alijua. Mama aliteseka sana, labda alichoka kumwona vile. Nikasema mimi sitamtaja. Hata wakinifunga."

Hivyo ndivyo walivyokaa hao wawili, mmoja mahabusu na mmoja dirishani, kila mmoja amefunga mdomo kwa ajili ya mwenzake.

Afande aliisoma ile simu tena. Kisha akauliza jambo lililomfanya msichana amtazame kama vile amechanganyikiwa.

"Ukitaka kumwambia mtu apitie faili, mwanzo mpaka mwisho, asiache kitu. Unamwambiaje?"

"Namwambia apitie faili nzima."

"Nzima."

"Ndiyo. Faili nzima."

"Na Kamusi? Yeye husema faili hii, au faili hili?"

"Faili hili," Chiriku alisema haraka, kwa namna ya mtu aliyetaniana juu ya jambo hilo mara nyingi. "Faili la, mafaili ya. Tunamcheka. Hata akisema faili nzima anasema faili..."

Hakumaliza. Mkono wake ulipanda mdomoni na kubaki hapo.

Afande hakumsaidia, maana hapakuwa na cha kusaidia. Alipandisha mazungumzo kwa kidole, akarudi nyuma wiki baada ya wiki, mpaka akapata alichokuwa anakitafuta. Kamusi alikuwa amewahi kuandika: "Faili la ripoti, zima." Na siku nyingine: "Faili la dawa, zima. Tutalirudia." Kila alipotaka Mnoko azimwe, mkato ulikuwepo, umekaa mahali pake kama askari wa zamu. Kwenye ujumbe wa kengele haukuwepo. Na haikuwa haraka iliyomsahaulisha, kwa sababu sentensi iliyofuata, ya maneno mawili tu, ilikuwa na wake.

Maswali ya Chiriku ya miezi yote yalikuwa mle simuni, na ndani yake hapakuwa na mkato hata mmoja. Mtu asiyeuweka hauoni ukikosekana.

"Aliniambia niipitie yote," alisema, mkono ukiwa bado mdomoni.

"Alikuambia."

"Yote."

Bosi alirudi na chupa ya maji, akakuta Afande amemshika msichana bega wanashuka ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu vijana wa kituoni wamfahamu, Afande alikuwa ametangulia mbele ya mtu.

*

Kwenye korido ya kituo kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwepo dada, mikono imekumbatia mkoba. Alikuja kuhakikisha faili linaondoka. Afande akamkalisha Chiriku upande mwingine wa benchi hilohilo, kwa sababu lilikuwa moja tu, akaingia chumba cha mahojiano na kuamuru Kamusi aletwe.

Aliinama kupita mlangoni, akaketi. Ndevu zilikuwa zimemwota bila mpango. Afande hakumuuliza lolote juu ya mstari. Alimwekea simu mezani.

"Isome. Kwa sauti."

Kamusi aliitambua simu kabla ya ujumbe, kwa sababu kifuniko chake kilikuwa na mdoli aliyekatika sikio. Akafumba macho kidogo. Aliona kwamba kazi yote ya kufuta haikusaidia.

"Yule ni mtoto, Afande. Amechelewa kulala siku nyingi kwa ajili ya kazi yangu. Aliweka mstari, akasahau kuutoa, basi. Ningekuwa mezani ningeuona. Mashine ni yangu..."

"Soma."

Alisoma kwa pumzi moja, bila kituo pasipo na kituo, kama anavyosoma mtu aliyekiandika mwenyewe na anayejua alichomaanisha. "Faili la kengele zima. Mengine, kesho." Akainua macho. "Nilimwambia alipitie lote. Mama yangu alikuwa kitandani pale. Mafaili mengine yote yangesubiri, hilo nilitaka liguswe kila mstari."

"Chiriku husema faili la?"

"Faili ya. Nimemsahihisha mpaka nimechoka." Kitu kilichofanana na tabasamu kilipita usoni na kuondoka.

"Akitaka kusema faili la kengele, lote, yeye angesemaje?"

"Angesema faili ya kengele nz..."

Sauti iliishia hapo. Alishusha macho kwenye simu na kusoma tena, safari hii bila sauti. Afande, aliyekuwa anaitazama midomo yake, aliiona ikifika kwenye kengele, ikasimama, halafu ikalisema neno la mwisho peke yake. Alirudia hivyo mara kadhaa. Kila mara midomo ilisimama mahali palepale, na haikuweza tena kupita bila kusimama.

"Ningetaka azime, ningeweka mkato," alisema mwishowe.

"Najua. Nimeziona nyingine. Hicho ndicho kinachokutoa humu."

"Ujumbe uko sahihi, Afande."

"Uko sahihi."

"Hakuna kosa hata moja."

Kamusi aliweka viganja viwili juu ya meza, kila upande wa simu, kama mtu anayezuia meza isiondoke, akalia hivyo, kichwa kimeinama, bila kutoa sauti. Afande alimwacha. Alivuta faili la kesi, akaandika alichokuta: kiti kilichoshushwa, mazungumzo yaliyofutwa upande mmoja, jumbe za nyuma zenye mkato na huu usio nao, na kwamba hakuona nia ya kuua kwa yeyote kati ya hao wawili. Alipofika kwenye ujumbe wenyewe aliunakili neno kwa neno, halafu akaukagua tena, asije mkono ukaongeza alama ambayo haikuwepo.

"Na yeye anajua?" Kamusi aliuliza alipoweza kuuliza.

"Amejua leo. Yuko nje."

Aliomba kutoka. Afande akamfungulia mlango.

Chiriku alisimama alipomwona. Dada hakusimama. Alikuwa ameshasikia habari, kwa sababu Chiriku, baada ya ukimya wote ule, alikuwa ameongea na mtu aliyekuwa karibu, na wa karibu alikuwa yeye. Mkoba ulikuwa umemtoka mikononi uko sakafuni, na hakuwa ameuokota. Alimtazama mdogo wake, akafungua mdomo, kisha akasogea mwisho kabisa wa benchi na kuacha nafasi katikati.

Kamusi hakukaa kwanza. Alisimama mbele ya msichana, amemzidi urefu hata ikawa aibu.

"Nilikosea kuandika," alimwambia.

Ofisini hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno hilo la kwanza. Chiriku alitikisa kichwa, machozi yakimwagika. "Hukukosea, kaka. Afande amenionyesha. Uliandika sawa. Mimi ndiye..."

"Nilikosea. Nilikuwa nakuandikia wewe." Akapumua. "Ningeandika, pitia faili ya kengele nzima."

Alisema hivyohivyo, faili ya, na kwenye korido ile hapakuwa na mtu wa kumsahihisha.